Saini ya Baba Kabla ya Saa Kumi na Mbili

Chande Masudi alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Saa kumi na mbili alfajiri alikuwa tayari mbele ya mashine. Saa sita na nusu mchana alikuwa nje, mikono yake ikinukia sabuni. Nyumbani kwake palikuwa mtaa wa Saint-Josse, katika mji wa lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi, ghorofa ya pili, juu ya duka la simu. Jioni bintiye Warda alirudi na mfuko mzito wa vitabu, mkewe Amira akapakua, wakala pamoja.

"Leo mmesoma nini?" Chande aliuliza kila siku.

"Mifupa ya mkono, Baba."

Naye Chande aliunyoosha mkono wake juu ya meza, na Warda akaitaja mifupa mmoja baada ya mwingine, akiigusa kwa ncha ya kidole. Amira alicheka. "Angalia, kesho atakufungua kabisa aone kilichomo." Hiyo ndiyo iliyokuwa furaha ya nyumba ile.

Warda alikuwa na miaka kumi na saba. Alimaliza sekondari mwezi wa sita katika shule ya Kiholanzi. Tangu mwezi wa tisa alikuwa anasomea uuguzi katika shule ya juu ya Kifaransa. Katika ukoo wao, tangu walipotoka Bujumbura, hakuna aliyewahi kufika hapo.

Lakini wiki ya mwisho ya Oktoba Warda hakutaja mfupa hata mmoja. Alikula kidogo, akaosha vyombo, akaingia chumbani. Chande aliona. Alidhani ni uchovu.

Alhamisi jioni mlango uligongwa. Alikuwa Antoinette, jirani wa ghorofa ya tatu, mama wa Lubumbashi mwenye sauti ya kujaza ngazi zote za jengo. Alifanya kazi katika ofisi ya ustawi wa wanafunzi kwenye shule moja ya juu huko Uccle. Alikuja kuomba kitunguu.

"Maman Amira, niko na nyama kwa moto na sina oignon hata moja! Papa Warda, jambo! Na mutoto iko wapi? Masomo inaenda?"

"Inakwenda, alhamdulillahi," Amira alijibu.

"Bon. Na demande ya bourse mulisha kutuma? Kesho njo mwisho. Trente et un, tarehe makumi tatu na moja."

Amira alimtazama mumewe. Kisha akasema, "Ombi la msaada wa masomo tulijaza mwaka jana. Karani wa shule alitusaidia. Si wanalo jina la Warda?"

Antoinette aliketi. Alisahau kitunguu. "Apana, maman. Ile ya mwaka jana ilikuwa kwa ba Flamands, juu mutoto alikuwa kwa masomo ya Kiholanzi. Sasa iko kwa masomo ya Kifaransa. Hii inchi iko na serikali mingi ndani ya serikali moja. Bourse haiangaliake nyumba yako iko wapi. Inaangalia masomo ya mutoto iko upande gani. Kule hawatamulipa tena. Inafaa kuomba huku. Na kila mwaka unaanza tena, hata kama jana walikupa."

"Kwa hiyo jina lake halipo popote?" Amira aliuliza.

"Popote."

Chande alisukuma kiti nyuma. Aliinuka, akaenda kabatini, akarudi na karatasi iliyokunjwa. Warda alikuwa ameileta mwezi wa sita, siku shule ya uuguzi ilipowaeleza wanafunzi wapya habari za misaada. Chande aliisoma mstari wa juu tu, akaifungia.

"Maman Antoinette, nakuheshimu," alisema. "Lakini tazama jina la ofisi hii, ile ya mwaka jana haikuwa na neno hili. Hapa juu. Misaada na mikopo. *Prêts*. Mimi sili riba. Mwanangu hatasomeshwa kwa riba."

Neno lile halikuwa jepesi kinywani mwake. Kaka yake Hamisi alikopa benki akanunua lori. Lori likaharibika, na riba ikaendelea kuzaa riba. Nyumba ya baba yao ilipouzwa, Chande ndiye aliyebeba godoro la mama yake kulitoa nje. Siku ile aliapa kutoigusa riba.

"Papa Warda," Antoinette alisema polepole, "ile bureau inafanyaka bintu bibili. Kimoja ni allocation. Hiyo wanakupa, haurudishe. Kingine ni prêt. Hiyo ni ya mutu anayetaka mwenyewe. Hakuna mwenye atakulazimisha."

"Ofisi ikiuza maziwa na pombe, mimi siingii."

"Eh! Na magasin ya kona unanunuaka mikate, ile haiuze bière?"

Amira alificha kicheko kwa mtandio. Chande hakucheka. "Mtoto atasaidiwa na mikono yangu," alisema.

Ndipo mlango wa chumba ukafunguka. Warda alikuwa amesimama pale, uso mkavu.

"Baba, mikono yako inalipa pango na umeme. Sikulaumu. Lakini sina sare ya mazoezi, vitabu viwili naazima, na ada sijamaliza. Nimepata kazi kwenye snack, kukaanga chipsi, kuanzia Jumatatu. Saa zake zinagongana na mazoezi ya hospitali." Akameza mate. "Nimeshaandika barua ya kuacha shule. Nitaipeleka Jumatatu."

Nyama ya Antoinette ilianza kunukia kuungua kutoka ghorofa ya juu, wala hakuna aliyeinuka.

"Kwa nini hukuniambia?" Chande aliuliza.

"Nilikuletea karatasi mwezi wa sita, Baba. Ulisema jambo limekwisha."

"Basi jaza mwenyewe. Wewe ndiye unayesoma."

"Siwezi. Niko chini ya miaka kumi na minane. Anayeomba ni mzazi ninayemtegemea kwa kipato. Saini ni yako."

Chande alihisi kama amewekewa jiwe mapajani. Akitia saini, huenda akamtwika mwanawe dhambi asiyoijua. Asipotia, Jumatatu mwanawe atakuwa mbele ya mafuta ya moto, na barua ile itakuwa imefika.

"Kesho ni Ijumaa," alisema mwishoni. "Nitamwuliza Mwalimu msikitini."

"Uliza," Antoinette alisema, akisimama. "Ila kompyuta ikikataa, inabaki posta tu, na posta inafunga saa kumi na mbili. Na samedi, kesho kutwa, ni sikukuu ya Toussaint, kila kitu kimefungwa. Mutu wa Mungu, usiulize sana."

*

Siku ya pili, mashuka yalipita mbele ya macho ya Chande bila yeye kuyaona. Saa sita na nusu alibadilisha nguo, akaiweka ile karatasi katika mfuko wa koti, akaenda msikitini.

Baada ya swala ya Ijumaa watu watatu walikuwa mbele yake, kila mmoja na swali lake. Mwalimu Ibrahim alikuwa dereva wa tramu aliyestaafu. Alijibu maswali kwa utulivu, kama anayengoja abiria wote wapande. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro kumi. Ilisema saa nane. Chande alisugua mikono.

"Mwalimu, bourse ya serikali ni riba?"

"Umeisoma?"

"Nimesoma kichwa cha karatasi."

"Kichwa! Yaani ukiletewa chungu, Chande, wewe unaonja kifuniko?" Waliokuwa wakivaa viatu walicheka. "Lete hapa."

Mwalimu alivaa miwani. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaugeuza, akasoma wa pili. Hakuruka mstari.

"Hapa pana milango miwili," alisema. "Huu ni msaada. Wanaangalia kipato cha nyumba na watu mnaokaa humo. Mkistahili, wanatoa, na hawadai. Huu mwingine ni mkopo. Nani amekwambia uingie mlango wa pili?"

"Hakuna. Lakini tazama huku chini, ndiyo kwanza nauona mstari huu. Wanasema mwanafunzi akiacha masomo katikati ya mwaka, wanaweza kutaka walichotoa kirudi. Si deni hilo?"

Mwalimu aliisogeza karatasi karibu na macho. Alisoma tena mstari ule. Chande aliitazama saa, kisha akaona haya kwa kuitazama.

"Wameandika kwamba wataongeza kitu juu yake?"

"Sijaona."

"Hata mimi sijaona. Riba ni nyongeza juu ya deni. Hii ni amana yenye sharti. Umepewa ili usome. Ukiacha kusoma, unarudisha kisicho chako tena. Mtu akikupa nauli ya kwenda Hija, nawe ukabaki nyumbani, utaila nauli ile?"

"Hapana."

"Basi. Na kama linalokuumiza ni kwamba unapokea sadaka, nikuulize: mshahara wako haukatwi kodi?"

"Unakatwa kila mwezi."

"Basi nawe umo miongoni mwa waliotoa. Jaza kwa ukweli, usifiche kipato, usiongeze mtoto asiyekuwepo. Hapo ndipo dhambi ilipo, si kwenye kichwa cha karatasi." Akaikunja karatasi, akamrudishia. "Swali hili lilifaa mwezi wa saba, milango ilipofunguliwa. Mwisho wake lini?"

"Leo."

"Subhanallah! Na bado umesimama hapa?"

*

Chande alipanda ngazi mbili mbili. Warda alikuwa amefungua kompyuta mezani. Aliposikia neno "nakubali", hakusema asante. Alivuta kiti tu, akasema, "Kaa, Baba. Tuna saa tatu na nusu."

Kuomba kwa kompyuta kulihitaji kitambulisho cha Chande na namba yake ya siri. Namba hiyo alipewa na manispaa miaka minne nyuma, ndani ya bahasha. Bahasha haikujulikana ilipo. Amira alimwaga droo nzima kitandani, akakuta dhamana ya mashine ya kushonea, na picha za pasipoti za watu waliokwisha kuzeeka.

"Jaribu mwaka wako wa kuzaliwa," Warda alisema.

Mashine ilikataa.

"Jaribu ule wa Mama."

Ikakataa. Warda aliinua mkono. "Usijaribu tena, Baba. Mara ya tatu inajifunga."

Lakini kidole cha Chande kilikuwa kimeshaanza. Alikuwa na hakika. Ni mwaka aliozaliwa Warda, hakuna baba anayesahau mwaka huo. Akabonyeza tarakimu ya nne.

Kadi ikajifunga.

Warda aliziba uso kwa viganja viwili. Chande alichukua simu, akapiga manispaa. Dirisha la namba za siri lilikuwa limefungwa hadi Jumatatu. Jumatatu ilikuwa tarehe tatu Novemba.

Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Mpigie maman Antoinette," Amira alisema.

Antoinette alipokea akiwa ofisini. Walimsikia akivuta pumzi. "Kadi imejifunga? Aksanti sana, papa Warda, sasa umekuwa coffre-fort, sanduku ya chuma ya benki! Bon. Musilie. Iko formulaire ya karatasi. Ninaiimprimer na mashine ya hapa, ninapanda tramu sasa hivi. Munatafuta avertissement-extrait de rôle, ile karatasi ya kodi ya miaka mibili nyuma, si ya mwaka huu. Na namba ya konti ya benki. Alors, tafuteni!"

Karatasi ya kodi ilikuwa shughuli nyingine. Ile ya mwaka jana ilikuwepo. Ile ya mwaka juzi ilikuwepo pia, lakini ukurasa wa pili haukuwepo. Chande aliyapekua mafaili hadi vidole vikawa vyeusi. Saa kumi ikapita. Saa kumi na nusu. Nje mwanga ulikuwa unapungua, na Antoinette hakuwa amefika.

Warda alisimama dirishani. "Tramu zimesimama," alisema. "Naona foleni mpaka kwenye kona." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kukata tamaa na anayeona haya kuikata mbele ya baba yake.

"Nitakwenda kumlaki," Chande alisema. Lakini kabla hajafika mlangoni, ngazi zilianza kutikisika, na Antoinette akaingia akihema, viatu mkononi.

"Nimeshuka, nimetembea kwa miguu tangu kule Madou! Toa kalamu!"

Walijaza wote wanne wakiwa wameinama juu ya meza moja. Jina la mwanafunzi. Jina la shule. Watu wanaokaa nyumbani: watatu. Antoinette alisoma, Warda akaandika kwa herufi kubwa, Chande akahakiki kila mstari kwa sauti.

"Ukurasa wa pili wa kodi hatuna," Amira alisema kwa hofu.

"Tunatuma na ukurasa wa kwanza. Mengine watayatafuta benyewe, na kikikosa kitu watatuandikia barua, tutakituma. Dosye, ile faili yenu, inaweza kungoja karatasi. Tarehe njo haingojake mutu."

Wakafika kwenye kisanduku kilichouliza ombi ni la nini. Chande alisoma mara mbili. Kisha akaweka alama yeye mwenyewe kwenye msaada, na kile cha mkopo akakiacha wazi.

"Na hapa chini," Antoinette alisema. "Représentant légal, mzazi mwenye kusimamia mutoto. Njo weye."

Chande alitia saini. Herufi ya mwisho ikatoka nje ya mstari.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini. Jua lilikuwa limezama.

"Recommandé!" Antoinette alipaza sauti ngazini wakati Chande na Warda wakishuka mbio. "Barua ya rejista, si ya kawaida! Ichukueni ile risiti yenye tarehe!"

Ndani ya posta palikuwa na mashine ya kutoa namba. Namba yao ilikuwa themanini na saba. Kibao kilionyesha sabini na moja. Mzee mmoja alikuwa anatuma kifurushi kilichofungwa kwa kamba, na kamba haikukubalika. Mama mmoja alikuwa anabishana juu ya jina kwenye barua. Saa kumi na moja na dakika thelathini na tano. Sabini na nne.

Chande aliishika bahasha kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kitoto kichanga. Wakati wa magharibi ulikuwa umeingia. Aliomba dua kimoyomoyo pale pale kwenye foleni.

"Baba," Warda alinong'ona, "wasipoipokea, usijilaumu."

"Nyamaza, mwanangu. Hesabu namba."

Watu watatu waliokuwa na namba walikuwa wameondoka kwa kuchoka. Kibao kikaruka: sabini na tisa, themanini, themanini na moja. Mfanyakazi mmoja akaenda mlangoni, akaanza kuteremsha wavu wa chuma nusu. Waliokuwa ndani walibaki ndani. Themanini na sita. Saa kumi na moja na dakika hamsini na sita.

Themanini na saba.

"Recommandé," Chande alisema, akiisogeza bahasha dirishani. "Tafadhali."

Karani alipima bahasha, akabandika karatasi yenye mistari, akagonga muhuri. Chande hakuangalia kitu kingine. Aliangalia tarehe: thelathini na moja Oktoba.

Nje Warda alitoa barua yake mfukoni, ile ya kuacha shule, akaipasua vipande vinne. Kisha akacheka, akalia, akacheka tena. Baba yake alimvuta kwenye ukuta, mbali na njia ya watu, akamwachia nafasi amalize.

*

Kungoja kulikuwa na shida zake. Jumatatu, kwa maagizo ya Antoinette, Warda alikwenda kwenye ofisi ya ustawi ya shule yake, akaonyesha risiti ya posta. Huko wakamwazima sare, na wakakubali angojee jibu kuhusu ada. Kazi ya snack aliikataa. Mwezi wa kumi na mbili barua ikaja kudai ukurasa wa pili wa kodi. Chande aliomba nakala yake kwenye ofisi ya kodi, akaituma siku ile ile, tena kwa rejista.

Mwezi wa pili jibu likaja. Ombi limekubaliwa. Mwanafunzi aliyekubaliwa hatozwi ada ya kuandikishwa, na msaada wenyewe ukaingia kwenye konti. Amira aliisoma barua ile mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, ghorofa ya tatu isikie. Ghorofa ya tatu ikajibu kwa vigelegele vya Lubumbashi.

Warda aliendelea na mazoezi katika nyumba ya wazee huko Koekelberg. Akafaulu mwaka wa kwanza.

Kwa upande wake, Chande alikwenda manispaa akapata namba mpya ya siri, akaihifadhi kichwani. Msikitini, baada ya swala, alianza kuwauliza wazazi wenye watoto sekondari: mtoto anakwenda masomo ya upande gani, Kifaransa au Kiholanzi? Tarehe ya mwisho ya upande huo mmeiangalia mwaka huu? Karatasi mmesoma mpaka chini? Wengine walimwita karani wa bourse. Hakujali.

Mwezi wa saba, wiki ile maombi yalipofunguliwa, Chande alirudi kutoka kazini akaoga, akavaa kanzu safi, akaketi mbele ya kompyuta na kitambulisho mkononi.

"Njoo, Warda. Leo tunaanza mapema. Namba ninayo."

Warda alisimama nyuma ya kiti chake. "Baba," alisema kwa upole, "nilitimiza miaka kumi na minane mwezi wa kumi na mbili. Sasa mwombaji ni mimi. Saini ni yangu."

Chande aliirudisha kadi mfukoni taratibu. Alibaki ameketi kidogo, kama mtu aliyefika kwenye kituo kabla hajajiandaa kushuka. Kisha akaondoka kwenye kiti, akampisha binti yake, akavuta stuli ya jikoni na kuketi kando.

"Haya," alisema. "Jaza. Mimi nitasoma kila mstari."